Kina cha Mkondo: Wanyama na Maumbile ya Unguja, Pemba na Mafia

Unguja, Pemba na Mafia hutajwa kwa pumzi moja, na kwa historia ya watu wake jambo hilo lina sababu. Kwa historia ya wanyama na miti yake, halina. Mkondo wa bahari kati ya Unguja na bara ni wa kina kifupi. Sehemu kubwa yake haifiki mita 50. Mkondo kati ya Pemba na bara unapita mita 700. Tofauti hiyo, ambayo abiria wa boti haioni kwa macho, ndiyo iliyoamua nani aishi wapi. Inaeleza kwa nini Unguja ilikuwa na chui na Pemba haikuwa naye, na kwa nini Pemba ina popo mkubwa asiyepatikana mahali pengine popote duniani. Anayetaka kuvilinda visiwa hivi hana budi kuanzia kwenye kina hicho, kwa sababu mpango mmoja uliokatwa kwa kipimo kimoja hauwezi kuvitosha vyote vitatu.

Yapata miaka 20,000 iliyopita, maji mengi ya dunia yalikuwa yameganda katika barafu za kaskazini na kusini, na uso wa bahari ulikuwa chini ya ulipo leo kwa takriban mita 120. Wakati huo Unguja haikuwa kisiwa. Ilikuwa mwinuko wa chokaa ulioungana na bara, na mnyama aliweza kwenda na kurudi bila kulowa kwato. Ushahidi wake upo katika Pango la Kuumbi, karibu na Jambiani, ambako wachimbaji wa mambo ya kale wamefukua mifupa ya pundamilia na nyati pamoja na zana za mawe za watu walioishi humo. Barafu ilipoyeyuka bahari ilipanda, mbuga iliyokuwa katikati ikazama, na wanyama waliokuwa upande wa Unguja wakafungiwa huko. Wale wakubwa wenye kuhitaji malisho mapana hawakudumu. Kisiwa kilikuwa kidogo mno kwao, na wawindaji walikuwa humo humo. Waliobaki ni wa msituni na vichakani: kima, komba, paa, chui, na viumbe wadogo wanaoweza kuishi katika eneo finyu.

Pemba haikuungana na bara katika kipindi hicho. Bahari ingeshuka mara mbili ya ilivyoshuka, mkondo wake bado ungebaki na maji. Kisiwa hicho kimekuwa peke yake kwa muda mrefu kupita kiasi ukilinganisha na Unguja, na viumbe wake wa asili ni wale walioweza kuruka, kuelea juu ya magogo, au kusafirishwa na watu. Ndiyo maana orodha ya wanyama wa Pemba wanaonyonyesha ni fupi, huku orodha ya viumbe wake wa pekee ikiwa ndefu kwa kisiwa kisichofika kilomita za mraba 1,000.

Mafia iko karibu zaidi na bara kuliko vyote, mkabala na delta ya Rufiji, ndani ya kina kifupi. Nchi yake kavu inafanana na Unguja kwa asili. Utajiri wake mkubwa, hata hivyo, uko baharini.

Unguja ina ukubwa wa takriban kilomita za mraba 1,660, na imegawanyika katika nchi mbili zisizofanana. Upande wa magharibi na kaskazini-magharibi una udongo mzito, na ndiko mikarafuu, minazi na miembe ilikopandwa. Mashariki na kusini ni maweni: jiwe la matumbawe ya kale lililoinuliwa juu ya bahari, lenye ncha kali, mashimo na udongo kiduchu katika nyufa. Huko mkulima hulima shamba kwa miaka michache kisha huliacha lipumzike. Msitu wa asili wa magharibi ulikatwa karne ya 19, biashara ya karafuu iliposhamiri chini ya Sayyid Said na warithi wake. Vichaka vya maweni vilinusurika kwa sababu mkarafuu haukuweza kuota humo. Wanyamapori karibu wote wa Unguja waliobaki wanaishi katika ardhi ambayo watu walioipima kwa rutuba waliiona haina thamani.

Maarufu kuliko wote ni kima punju, mwenye mgongo mwekundu, mabega meusi, tumbo jeupe na nywele ndefu nyeupe zinazozunguka uso. Wazungu walimwandika katika vitabu vyao mwaka 1868 na kumpa jina la kisayansi linalotokana na John Kirk, mganga na mwakilishi wa Uingereza aliyeishi Unguja. Punju hana kidole gumba kinachofanya kazi; mkono wake ni ndoana ya vidole vinne, inayofaa sana kuning'inia matawini. Tumbo lake lina vyumba kadhaa na huchachusha majani, kwa hiyo anakula machanga ya miti mingi pamoja na matunda mabichi, lakini hawezi kuishi kwa ndizi mbivu na maembe matamu kama kima wengine. Anayempa punju tunda tamu anamdhuru.

Katika mashamba yanayopakana na Msitu wa Jozani, punju wamejifunza jambo ambalo limewavutia sana watafiti: wanakula makaa. Huyaokota kwenye matanuri ya zamani na mashina yaliyoungua, wakayatafuna. Majani ya miembe na mikungu, ambayo ni chakula kingi mashambani, yana protini nyingi lakini pia yana kemikali zinazozuia mmeng'enyo. Makaa huzinasa kemikali hizo, na mnyama akafaidi chakula ambacho vinginevyo kingemletea taabu. Watoto huiga kutoka kwa mama zao.

Kwa miaka mingi ilidhaniwa kwamba punju waliobaki hawazidi elfu mbili hivi. Hesabu kamili ya kisiwa kizima iliyotangazwa mwaka 2017 ilipata 5,862. Ni habari njema, lakini isomwe mpaka mwisho. Takriban saba kati ya kila kumi walikuwa ndani ya maeneo yanayolindwa. Waliobaki nje walikuwa katika makundi madogo, na watoto wao walikuwa na nafasi ndogo zaidi ya kukua. Mnyama huyu hana hazina mahali pengine. Mwaka 1974 punju 14 walihamishiwa Msitu wa Ngezi, Pemba, kama akiba, na kizazi hicho hakikupata kuongezeka kwa namna ya kutia moyo. Kumchukua mnyama wa maweni ya Unguja na kumweka katika kisiwa ambacho hakuwahi kuwa chake ni majaribio, na majaribio hayo hayawezi kuchukua nafasi ya kulinda mahali alipozaliwa.

Jozani na Ghuba ya Chwaka zilifanywa Hifadhi ya Taifa mwaka 2004, nayo ndiyo hifadhi ya taifa pekee ya Zanzibar, yenye takriban kilomita za mraba 50. Ndani yake mna msitu wa maji ya chini kwa chini, ambako mitondoo mikubwa husimama katika udongo unaofurika wakati wa masika, mna vichaka vya maweni, na mna mikoko. Vijiji vinavyoizunguka, Pete na Charawe vikiwamo, vina kamati zao na hupata sehemu ya mapato ya wageni. Barabara ya lami inayokwenda kusini inapita kandokando ya msitu huo, na punju wengi waligongwa na magari mpaka matuta yalipowekwa Pete. Vifo vilipungua mara moja. Ilikuwa kazi ya vibarua wachache na saruji kidogo, na pengine hakuna fedha nyingine iliyowahi kutumika kwa punju ikaleta matokeo ya haraka namna hiyo.

Paa nunga hana bahati ya kuonekana. Ni paa mdogo mwenye rangi nyekundu ya hudhurungi, mkanda mweupe unaozunguka sehemu ya nyuma, na madoa meupe miguuni. Hutembea chini ya miti akiokota maua na matunda yanayoangushwa na ndege na kima, kwa hiyo anawategemea walioko juu. Nje ya Unguja anapatikana katika misitu michache ya pwani ya Kenya, kama Arabuko-Sokoke na Boni. Mwaka 1983 paa nunga wa Unguja walikadiriwa kufika 5,000. Kabla ya karne kwisha makadirio yalikuwa yameshuka chini ya 1,000. Sababu ni mbili zilizoshikana: usasi wa mbwa na nyavu, ambao huzoa paa wa kila aina bila kuchagua, na ukataji wa kuni na mikaa unaofungua vichaka. Wachache walipelekwa visiwa vidogo vya Chumbe na Mnemba. Sheria ya kuwalinda ipo. Kinachohitajika zaidi ni nishati ya kupikia mjini ambayo haitoki kwenye maweni, kwa sababu kila gunia la mkaa wa maweni linaloingia Mjini Unguja limekatwa mahali ambapo paa anajificha.

Kisa cha chui ndicho kinachouma kuliko vyote. Chui wa Unguja alikuwa mdogo kuliko wa bara, na mwaka 1932 mwanasayansi Pocock wa Uingereza alimtambulisha kama aina ndogo ya pekee. Vijijini, hata hivyo, chui walikuwa wa namna mbili katika fikra za watu: wa porini, na wa kufugwa. Wa kufugwa aliaminika kumilikiwa na wachawi, kulishwa nao, na kutumwa kutisha au kudhuru. Kadiri mashamba yalivyopanuka na mawindo yalivyopungua, chui alizidi kukaribia mbuzi na nyumba, na kila alipokaribia imani ilipata nguvu mpya. Baada ya Mapinduzi ya 1964 ilifanyika kampeni ya kuwafichua wachawi na kuwaua chui kwa pamoja, ikiongozwa na mganga aliyejulikana kwa jina la Kitanzini. Chui akatangazwa adui wa wananchi, na kumuua kukawa jambo la sifa. Hakuna aliyewahi kumpiga picha akiwa hai porini katika miongo iliyofuata, ingawa taarifa za nyayo na mbuzi walioliwa hazikukoma. Mwaka 2018 kamera ya watengeneza vipindi vya televisheni ilinasa mnyama anayefanana na chui. Picha hiyo haikutosha kuthibitisha kwamba jamii ya chui hao bado ipo.

Ni rahisi kuwalaumu wanavijiji kwa imani zao, na wengi walioandika habari za chui wamefanya hivyo. Lakini imani hiyo ilikuwapo kwa vizazi vingi huku chui akiendelea kuishi. Kilichommaliza ni msitu uliokatwa, bunduki, na serikali iliyoamua kushika upande mmoja. Watafiti Martin Walsh na Helle Goldman, waliofanya kazi ndefu vijijini Unguja, wameonesha kwamba wasasi wa kisiwa wanajua mengi ambayo vitabu havina. Wasasi hao, kwa mfano, walimjua mnyama mdogo wa madoadoa aitwaye uchui muda mrefu kabla ya wanasayansi kumpokea katika orodha zao miaka ya 1990.

Ukivuka kwenda Pemba unaingia dunia nyingine. Kisiwa ni cha vilima na mabonde, udongo wake mwekundu una rutuba karibu kila mahali, na mikarafuu imeshika mteremko baada ya mteremko. Kimbunga cha mwaka 1872 kiliiangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ndiyo iliyobeba zao hilo. Bei yake ililipwa na msitu. Uliobaki mkubwa ni Ngezi, kaskazini-magharibi mwa kisiwa, takriban hekta 1,440, na vipande vichache kama Ras Kiuyu na Msitu Mkuu.

Katika Ngezi kuna mti wa jamii ya mitende uitwao mpapindi, ambao hauoti porini nje ya Pemba. Ndugu zake wa karibu hawako Tanga wala Pangani. Wako Madagaska na Visiwa vya Ngazija. Mijusi ya kijani inayopanda migomba na minazi ya Pemba kweupe mchana ina aina yake ya pekee kisiwani, na ukoo wake nao kitovu chake ni Madagaska. Popo mkubwa wa Pemba ni wa ukoo ulioenea kutoka visiwa vya Bahari ya Pasifiki, kupitia Asia ya kusini, hadi Ushelisheli, Madagaska na Ngazija, lakini haupo kabisa katika bara la Afrika. Umefika Pemba, na umefika Mafia. Kilomita hamsini za maji kati ya Pemba na bara si kitu kwa mnyama mwenye mbawa za zaidi ya mita moja na nusu, na hata hivyo hajawahi kuweka makazi ng'ambo. Kwa nini ukoo huo umeshikamana na visiwa na kulikwepa bara ni swali ambalo wataalamu bado wanalijadili. Ushindani na popo wa bara na wingi wa maadui huko ni majibu mawili yanayotolewa.

Popo huyu ana manyoya ya rangi ya dhahabu iliyoiva na uso unaofanana na wa mbweha. Hatumii mwangwi kutafuta njia, bali macho na pua. Mchana huning'inia kwa mamia katika miti mirefu, na jioni hutawanyika kutafuta matunda na maua: miembe, mifenesi, mikungu, mivule, misufi. Mbegu anazozitema na kuziangusha ndizo zinazopanda upya msitu katika kisiwa ambacho hakina tembo, hakina hondohondo wengi, na hakina wanyama wengine wakubwa wa kuifanya kazi hiyo. Jike huzaa mtoto mmoja kwa mwaka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1990 ilionekana popo wa Pemba anakwisha. Miti mirefu ilikuwa imekatwa, na bunduki ziliwawezesha wawindaji kuangusha wengi kwa mara moja mahali wanapolala. Waliosalia walikadiriwa kuwa maelfu machache. Kilichofuata kinastahili kujulikana zaidi kuliko kinavyojulikana. Idara ya misitu, ikisaidiwa na shirika la Fauna & Flora, ilikwenda vijijini, na vijiji vyenye miti ya popo viliunda vikundi vya kuwalinda. Kidike, karibu na Chake Chake, ndicho kilichopata jina, kwa sababu wageni walianza kufika na kulipa kiingilio kinachobaki kijijini. Baadhi ya makundi ya popo yalikuwa katika miti ya makaburini na ya mizimu, ambayo haikatwi ovyo, na hapo heshima ya watu kwa wafu wao ilikuwa imefanya kazi ya hifadhi kabla hifadhi haijaja. Hesabu zilizofanywa miaka ya 2000 zilifika takriban 20,000. Mnyama aliyekuwa katika daraja la hatari kubwa kabisa ya kutoweka akateremshwa daraja. Ni nadra sana kwa popo wa visiwani, ambao kwingineko katika Bahari ya Hindi na Pasifiki wanapungua.

Ndege wa pekee wa Pemba ni wanne: ninga wa Pemba, chozi wa Pemba, kinengenenge wa Pemba, na bundi mdogo wa Pemba. Huyo bundi aliandikwa mwaka 1937 na Pakenham, afisa wa serikali ya kikoloni aliyetumia miaka mingi kukusanya habari za ndege, nyoka na wanyama wa visiwa hivi. Chozi na kinengenenge wanaonekana hata bustanini. Bundi na ninga wanahitaji miti mikubwa, na hapa mkarafuu mkongwe umekuwa msaada usiotarajiwa, kwa kuwa mashimo na matawi yake hutoa malazi. Shamba la zamani la mikarafuu yenye kivuli ni nusu msitu kwa ndege hawa. Mikarafuu mikongwe inapokufa na kubadilishwa kwa muhogo au nyumba, bundi hupoteza mahali pa kutagia, na suala hilo halijaingia vya kutosha katika mazungumzo ya bei ya karafuu.

Upo pia upande wa wageni waliokaribishwa kwa makosa. Kunguru mweusi mwenye shingo ya kijivu, kutoka Bara Hindi, aliletwa Unguja miaka ya 1890 ili asafishe taka za mji. Alisafisha, kisha akageukia mayai na makinda ya ndege wadogo, vifaranga vya kuku, na matunda. Kutoka Unguja na bandari nyingine amesambaa pwani nzima. Katika miaka ya 1990 makumi ya maelfu ya kunguru waliuawa Unguja na idadi ikaporomoka, kisha kazi ikasimama na kunguru wakarudi. Juhudi ya namna hii isiyofikishwa mwisho ni sawa na kupogoa mti.

Baharini visiwa hivi vinashirikiana zaidi, kwa kuwa mkondo unaotoka kusini hupita kando yake mwaka mzima, ukiharakishwa na upepo wa kusi na kupunguzwa mwendo na kaskazi. Mayai na vichanga vya samaki na matumbawe kutoka miamba ya kusini husafiri kuelekea kaskazini. Mwamba ulioharibiwa Mafia ni hasara ya miamba iliyo mbele yake.

Mikoko ndiyo malango ya bahari hiyo. Mlilana husimama mbele kabisa ukipokea mawimbi, mkoko wenye mizizi ya kupinda hufuata, kisha mkandaa, na mchu huweza kuota mbele na nyuma kwa sababu unavumilia chumvi kuliko wenzake. Katika Ghuba ya Chwaka mikoko, majani ya baharini na matumbawe vimepangana kwa karibu, na samaki mmoja anaweza kuvipitia vyote vitatu maishani mwake: huzaliwa nje, hukulia mizizini, hula katika majani, na kurudi mwambani akiwa mkubwa. Anayekata mikoko kwa boriti na kuni za chokaa anavua samaki ambao bado hawajazaliwa.

Kisiwa kidogo cha Chumbe, kusini mwa Mji Mkongwe, kina mnara wa taa uliojengwa mwaka 1904 na mwamba ulioponea kwa bahati: ulikuwa kando ya njia ya meli na karibu na eneo la jeshi, kwa hiyo wavuvi wachache waliufikia. Mwaka 1994 serikali iliutangaza kuwa hifadhi, na kampuni binafsi ikapewa kazi ya kuulinda. Wavuvi wa zamani waliajiriwa kuwa walinzi. Zaidi ya aina 400 za samaki zimeandikwa katika sehemu hiyo ndogo. Nchi kavu yake ina kaa wa minazi, mkubwa kuliko wadudu na kaa wote wa nchi kavu duniani, anayeweza kufika kilo nne. Huyu hukua polepole, huishi miongo mingi, na hupanda miti usiku. Katika visiwa vyenye watu wengi na panya huisha upesi. Panya wa Chumbe waliondolewa mwaka 1997.

Misali, magharibi ya Pemba, ilikwenda njia nyingine. Ni kisiwa kinachoheshimiwa: wazee husimulia kwamba Nabii Khidhri aliswali hapo. Wavuvi wa vijiji vingi hupiga kambi ufukweni kwake, na ng'amba na kasa hupanda kutaga. Mwaka 1998 kiliwekwa chini ya ulinzi, sehemu ya mwamba ikafungwa na sehemu kubwa ikaachwa kwa wavuvi. Pale ambapo matangazo ya kisheria hayakushika, mafundisho ya dini kuhusu amana na ukhalifa wa mwanadamu juu ya viumbe yalitumiwa misikitini na madrasa, na wavuvi waliyapokea kama jambo lao. Mwaka huo huo wa 1998 maji ya Bahari ya Hindi yalipashwa joto na El Niño, matumbawe yakapauka na mengi kufa, Misali na Mafia zikiumia vibaya. Joto lilirudi mwaka 2016. Hakuna kamati ya kijiji inayoweza kulizuia hilo, ila mwamba wenye samaki wala mwani wengi hurudi upesi zaidi kuliko mwamba uliokwisha kuvuliwa.

Ng'amba ana historia ndefu hapa. Kitabu cha safari za baharini kilichoandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza baada ya Kristo kinataja kisiwa cha Menuthias, kilicho chini na chenye miti, ambako watu walikuwa na mitumbwi na vyombo vya kushonwa, na walinasa kasa kwa mitego ya kusukwa. Wanahistoria wanasita kama ni Unguja, Pemba au Mafia. Mitego hiyo ni jamaa wa madema yanayotumika hadi leo. Kwa karibu miaka elfu mbili gamba la ng'amba lilitoka pwani hii kwenda Uarabuni, Uhindi na Ulaya, na kasa akavumilia. Asichoweza kuvumilia ni nyavu za jarife zinazoachwa usiku kucha, na fukwe za kutagia zenye taa za hoteli, kwa sababu watoto wa kasa huelekea penye mwanga wakidhani ni bahari.

Mbali kusini-mashariki mwa Unguja liko Fungu Kizimkazi, chungu ya jiwe na mchanga yenye urefu wa mita mia chache tu, bila maji wala mti. Membe na ndege wengine wakubwa wa bahari kuu huzalia hapo kwa maelfu, na kasa hutaga kandoni. Halina mkaazi wala kikundi cha kijiji, na wavuvi wanaoshuka kuokota mayai hawana wa kuwauliza.

Mafia ndiyo iliyopata hifadhi ya kwanza ya bahari Tanzania, mwaka 1995, yenye kilomita za mraba 822 na vijiji ndani yake. Katika kisiwa cha Chole popo wa jamii ileile ya Ngazija hulala katika miti mikubwa juu ya magofu. Katika maji ya kina kifupi kati ya Mafia na Rufiji wamebaki nguva wachache, pengine wa mwisho katika sehemu hii ya pwani. Nguva hula majani ya baharini tu, huzaa mtoto mmoja kila baada ya miaka kadhaa, na hufa akinasa katika jarife kwa kuwa ni lazima aje juu kupumua. Kila anayepotea ni pengo la miaka.

Papa potwe, samaki mkubwa kuliko wote duniani, hukusanyika mbele ya Kilindoni kuanzia Oktoba hadi Machi. Hana madhara kwa mtu. Hufungua kinywa na kuchuja uduvi na dagaa. Ilidhaniwa kwamba baada ya Machi huondoka kwenda mbali, kama wafanyavyo potwe wa kwingine. Vifaa vya sauti vilivyofungwa mgongoni mwao vilionesha kwamba wengi hawaendi popote. Hubaki Mafia mwaka mzima, wakishuka katika maji ya ndani zaidi wakati uduvi unapopungua juu, na wale wale hurudi ufukweni msimu baada ya msimu. Wengi wao ni madume machanga. Potwe wa Mafia, kwa hiyo, si wapita njia wanaoweza kulindwa na nchi nyingine sehemu ya mwaka. Wavuvi wa ringineti hufuata dagaa wale wale anaowafuata potwe, na mara nyingi humzungushia wavu pamoja na samaki. Wengi wao hushusha kamba ya juu ili atoke, kwa sababu wavu uliopasuka ni hasara yao. Eneo anapokula liko nje ya mipaka ya hifadhi, ambayo ilichorwa mwaka 1995 kwa ajili ya matumbawe, kabla ya mtu yeyote kufuatilia potwe anakwenda wapi. Kuisogeza mipaka hiyo, au kuandikiana na wavuvi wa Kilindoni utaratibu wa kushusha wavu ambao tayari wanaufuata, ni kazi iliyo ndani ya uwezo wa mamlaka husika.